Homa Ilianza Lini?

Katika kituo cha afya ninachofanyia kazi ya uuguzi, huku Kagera, swali la kwanza ninalomuuliza mgonjwa baada ya jina, umri na kijiji ni lini homa ilianza, na jibu ninalolipata mara nyingi kuliko mengine yote ni neno moja: juzi. Kamusi inasema juzi ni siku iliyotangulia jana. Kwenye meza ya mapokezi neno hilo lina upana mwingine kabisa. Laweza kuwa siku mbili, laweza kuwa siku nne, na likirudiwa, "juzi juzi tu hapa", laweza kumeza wiki nzima. Kwa miaka mingi nililichukua kama lilivyotamkwa, nikajaza "siku 2" kwenye daftari la MTUHA, lile la kumbukumbu za wagonjwa, kisha nikamwita anayefuata. Kwa malaria ya kila siku, uzembe huo haukunigharimu kitu ambacho niliweza kukiona.

Nilianza kulitilia shaka neno hilo Machi 2023, ilipotangazwa tarehe 21 kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Bukoba Vijijini ni Marburg, homa kali ya kirusi kilicho jamaa ya Ebola. Mlipuko ule ulikuwa mdogo kwa hesabu: wagonjwa 9, waliofariki 6, na tarehe 2 Juni ukatangazwa kumalizika. Kwetu sisi tulio karibu haukuwa mdogo hata kidogo. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya swali ambalo ndugu wa mgonjwa hutuuliza kwa macho hata wasipolitamka, yaani huyu atapona au hatapona, na kwa nini aliyelazwa kitanda cha pili akiwa na ugonjwa ule ule amepona. Sehemu kubwa ya majibu imetoka kwa jirani zetu wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waliokumbwa na Ebola, ambao waliyalipia kwa maisha ya watu wao.

Kabla ya Kivu, kuna hesabu za Marburg ambazo huwachanganya watu, nami zilinichanganya. Huko Uíge, Angola, mwaka 2004 hadi 2005, ugonjwa huu uliwapata watu 252 na kuwaua 227, yaani tisa katika kila kumi. Bukoba uliua sita kati ya tisa. Rwanda, ambako mlipuko ulitangazwa tarehe 27 Septemba 2024, waliougua walikuwa 66 na waliofariki 15, chini ya robo. Miezi michache baadaye, Januari 2025, ukajitokeza Biharamulo, wilaya ya mkoa wetu huu huu: wagonjwa 10, vifo 10. Anayeziweka namba hizi kwenye mstari mmoja atadhani kirusi kilipoingia Rwanda kilipoteza makali, kisha kilipovuka mpaka kuja kwetu kikayarudisha.

Sivyo. Kati ya wale kumi wa Biharamulo, wawili tu ndio waliothibitishwa kwa kipimo cha maabara. Wanane walikuwa wamekwisha kufariki kabla mlipuko haujajulikana, wakahesabiwa baadaye kwa kufuatilia dalili zao na watu waliokutana nao. Kama kulikuwa na mtu aliyeugua kidogo nyumbani akapona, hakuna aliyemfuatilia. Nchini Rwanda, kinyume chake, karibu wanane katika kila kumi ya waliougua walikuwa watumishi wa afya, wengi wao vijana, watu wanaojua maana ya homa ya ghafla na wanaoishi karibu na kitanda cha hospitali. Walipata dawa ya remdesivir, wengi walipata pia kingamwili ya MBP091, yaani protini ya kinga iliyotengenezwa ili kukishika kirusi, na wawili waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia waliondolewa humo wakiwa hai, jambo ambalo halikuwahi kushuhudiwa kwa wagonjwa wa Marburg barani Afrika. Umri, kazi, umbali wa hospitali, dawa na mashine vyote vilikuwa upande mmoja wa mizani, na ndiyo sababu siwezi, kwa kutazama asilimia peke yake, kusema ni kipi kati ya hivyo kilichookoa nani. Ili kujua hilo inabidi kuwalinganisha wagonjwa walio ndani ya mlipuko mmoja, wanaotibiwa katika vituo vya aina moja, na wawe wengi.

Kivu walikuwa wengi. Ebola ilitangazwa huko tarehe 1 Agosti 2018, ikiwa mara ya kumi kwa Kongo kukumbwa na mlipuko wake. Ilianza kutambuliwa Mangina, ikaingia Beni, ikashika Butembo na Katwa, na haikutangazwa kumalizika hadi tarehe 25 Juni 2020. Waliohesabiwa kuugua ni 3,470 na waliofariki ni 2,287, sawa na asilimia 66. Katikati ya vita, na watu wakiwa hawaiamini serikali wala wageni, ulifanyika utafiti wa matibabu uliopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, ambao wengi wanaujua kwa kifupisho cha PALM. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekwenda Yambuku mwaka 1976 ugonjwa huu ulipojitokeza kwa mara ya kwanza, alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Ulianza Novemba 2018 na ukasimamishwa Agosti 2019, mapema kuliko ilivyopangwa, kwa sababu dawa mbili kati ya nne zilikuwa zimekwisha kuonyesha wazi kwamba zinaokoa watu zaidi ya nyingine. Dawa hizo ni kingamwili ya MAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na mchanganyiko wa kingamwili tatu uitwao REGN-EB3. Kwa waliopewa hizo mbili, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 35 na asilimia 34. Kwa waliopewa zile nyingine mbili, ZMapp na remdesivir, vilikuwa karibu nusu, au zaidi kidogo ya nusu.

Ukiwachanganya wagonjwa wote 673 waliochambuliwa katika utafiti huo, bila kujali dawa, waliofariki ni kama asilimia 43. Linganisha na ile 66 ya mlipuko mzima. Pengo hilo lina watu ndani yake: waliofia nyumbani, waliofia kwenye zahanati za watu binafsi wakitibiwa homa ya matumbo, na waliofia njiani. Sababu ya kwanza ya kifo katika mlipuko wa Kivu, kwa jinsi ninavyozisoma namba hizi, ni kutokufika.

Kwa waliofika, kitu kilichotabiri kifo kuliko kingine chochote kilikuwa wingi wa virusi katika damu siku ya kulazwa. Maabara hawaandiki wingi huo moja kwa moja. Huandika idadi ya mizunguko ambayo mashine ilihitaji ili kukiona kirusi, na kwa kuwa kila mzunguko huongeza chembe za urithi takribani maradufu, namba ndogo maana yake ni virusi wengi. Mgonjwa wa mizunguko 17 ana virusi kama mara elfu moja zaidi ya mgonjwa wa mizunguko 27, ingawa kwenye karatasi namba hizo mbili zinaonekana jirani. Utafiti wa Kivu uliweka mpaka kwenye 22. Waliokuwa juu ya mpaka huo, wenye virusi wachache, wakapewa MAb114 au REGN-EB3, mmoja tu katika kila kumi hivi ndiye aliyefariki. Waliokuwa kwenye mpaka au chini yake, hata walipopewa dawa hizo hizo bora, walifariki asilimia 70 kwa ile ya kwanza na asilimia 64 kwa ile ya pili. Wenzao wa Sierra Leone walikuwa wameliona jambo hilo hilo mapema. Hospitali ya Kenema mwaka 2014, wagonjwa wenye nakala chini ya 100,000 za kirusi kwa mililita ya damu walifariki theluthi moja, na wenye milioni 10 au zaidi walifariki asilimia 94.

Hapa ndipo lile neno "juzi" linaporudi. Katika utafiti wa Kivu, waliofika ndani ya siku moja tangu dalili kuanza walifariki asilimia 19. Waliofika dalili zikiwa zimetimiza siku tano walifariki asilimia 47. Kila siku iliyopita kabla ya kuandikishwa iliongeza uwiano wa uwezekano wa kufa kwa asilimia 11. Kingamwili hizi hufanya kazi kwa kukizuia kirusi kuingia ndani ya seli, kwa hiyo zinafaa wakati ambapo seli nyingi bado ni nzima. Zikimkuta mgonjwa ambaye ini lake limekwisha kuharibiwa, hazina cha kulinda. Dawa haikuwa dhaifu kwa yule wa mizunguko 17. Ilichelewa kumfikia.

Naomba msomaji anivumilie kidogo juu ya hesabu hii ya siku, kwa sababu ina mtego ambao nimeuona ukiwanasa hata watu waliosoma kuliko mimi. Wengi wanaokufa kwa Ebola hufa kati ya siku ya sita na ya kumi na sita ya ugonjwa. Mgonjwa anayejitokeza siku ya tisa akitembea kwa miguu yake mwenyewe amekwisha kupita siku tatu zilizowaua wenzake. Walioshindwa kuzipita hawapo kwenye orodha ya waliolazwa, wapo makaburini. Kwa hiyo ukichukua daftari la kituo na kulinganisha kwa haraka, waliochelewa sana wanaweza kuonekana wana nafuu kuliko waliowahi, na mtu akatoka hapo akidai kwamba kuwahi hakusaidii. Anachokiona ni mchujo ambao kifo kilikwisha kuufanya kabla ya daftari kufunguliwa.

Tena tarehe zenyewe ni za kukisia. Sisi tunasema "usiku wa kuamkia Jumanne", na mzee wa zamani atasema "Jumanne usiku" akimaanisha usiku huo huo, ule ambao kwa saa ya kizungu bado ni Jumatatu. Mgonjwa aliyeanza kutetemeka saa nne ya usiku huo anaweza kuandikwa tarehe mbili tofauti na wauguzi wawili walio makini. Makosa ya aina hii yakitawanyika bila kuegemea upande mmoja, kwa kawaida huififisha tofauti badala ya kuikuza, na kwa hiyo naamini ile asilimia 11 ya kila siku imepunjwa. Hiyo ni imani yangu ya mezani, lakini nimeijenga juu ya maelfu ya "juzi" nilizoziandika kwa mkono wangu.

Baada ya virusi na siku, kinachofuata ni figo na ini. Wagonjwa wa Kivu waliolazwa wakiwa na kreatinini ya juu, ambayo ni dalili ya figo kushindwa kusafisha damu, na wale ambao vimeng'enya vya ini lao vilikuwa vimepanda, walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Watu wengi bado wanaifikiria Ebola kama ugonjwa wa kutokwa damu machoni na masikioni. Wanaoihudumia wanaijua zaidi kama ugonjwa wa kutapika na kuharisha, ambao humtoa mtu lita kadhaa za maji kwa siku pamoja na chumvi za mwilini, mpaka shinikizo la damu linashuka, figo zinakosa damu, na moyo unapoteza mpangilio wake. Kwenye mlipuko wa Afrika Magharibi, vituo vilivyofurika vilimpa mgonjwa chupa ya maji yenye chumvi ya kunywa na kumtakia heri, kwa sababu mhudumu mmoja aliyevaa vazi la kinga asingeweza kukaa kwenye joto muda wa kutosha kumtundikia kila mtu dripu. Wagonjwa 27 waliotibiwa Marekani na Ulaya wakati huo huo walipata maji ya mishipani yaliyopimwa, chumvi zao zikasahihishwa kila siku, na waliohitaji wakasafishwa damu au kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Walifariki 5. Wakati huo kingamwili zilizothibitishwa hazikuwapo.

Kivu ilijaribu kulisogeza jambo hili kwetu. Beni vilijengwa vyumba vya plastiki angavu, vyenye mikono ya glavu ukutani, ambamo muuguzi anaweza kurekebisha dripu na kupima mapigo ya moyo bila kuvaa vazi zima, na mama mzazi akakaa nje akimwona mwanawe uso kwa uso. Mimi nilipoziona picha zake kwa mara ya kwanza nilifikiria vipimo na dripu. Mwenzangu wa zamu alifikiria ndugu: alisema ndugu aliyemwona mgonjwa wake akihudumiwa hawezi kwenda kijijini kusema kwamba watu wanaingizwa ndani na kutolewa viungo.

Kuna kisa kimoja ambacho nakirudia kila ninapofundisha vijana wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo, kwa sababu kinahusu dawa iliyopo kwenye kabati letu. Huko Foya, Liberia, mwaka 2014, kila aliyelazwa kwa Ebola alipewa dawa ya malaria pia, na dawa hiyo ilikuwa artemetha na lumefantrini, hii tunayoiita dawa mseto. Mwezi Agosti ikaisha ghalani. Kwa siku 12 wagonjwa wakapewa artesuneti na amodiakwini badala yake. Hesabu zilipofanywa baadaye, waliopewa dawa ya dharura walifariki asilimia 51, na waliopewa dawa ya kawaida walifariki asilimia 64. Baada ya kurekebisha tofauti nyingine, hatari ya kifo ilikuwa pungufu kwa karibu theluthi. Amodiakwini imeonekana maabara ikikizuia kirusi, lakini pia inawezekana dawa mseto ndiyo iliyowaumiza wale wengine, au tofauti nyingine isiyoandikwa ilikuwapo. Kisa hiki hakitoshi kubadili mwongozo wa matibabu. Kinatosha kumfanya mtu aiandike kwa usahihi dawa aliyoitoa na saa aliyoitoa. Juu ya malaria yenyewe, tafiti za Afrika Magharibi hazikubaliani: moja iliona wenye vimelea vya malaria wakipona zaidi, nyingine ikaona wakifa zaidi.

Umri nitaupita haraka. Watoto wachanga na wale wa chini ya miaka mitano hufa zaidi, na wazee pia. Kenema, waliozidi miaka 45 walifariki asilimia 94, wakati walio chini ya miaka 21 walifariki asilimia 57. Kwa wajawazito, hesabu inayotajwa sana ni ya Kikwit, ambako kati ya wajawazito 15 waliolazwa walifariki 14. Huwa nakumbusha kwamba mlipuko ule uliua takribani wanane katika kila kumi ya wagonjwa wote, kwa hiyo namba hiyo, pamoja na uzito wake, haithibitishi kuwa mimba peke yake ndiyo iliyoua. Chanjo nayo inastahili kutajwa hapa, ingawa watu huiona kuwa ya kuzuia maambukizi tu: kati ya wagonjwa wa Kivu, waliougua licha ya kuchanjwa walifariki asilimia 25, na wasiochanjwa asilimia 56, na nafuu ilionekana hata kwa waliochanjwa siku chache tu kabla ya dalili.

Basi kwa nini watu walichelewa? Ni rahisi kujibu "ujinga" na kufunga mjadala, na nimewasikia watumishi wenzangu wakijibu hivyo. Watu wa Beni walikuwa wakichinjwa na makundi yenye silaha tangu mwaka 2014 bila dunia kujishughulisha nao, kisha Ebola ilipokuja yakaja magari mengi meupe. Desemba 2018, uchaguzi ulipoahirishwa Beni na Butembo kwa kisingizio cha Ebola, waandamanaji walivamia kituo cha Beni cha kuwaweka wagonjwa wanaosubiri vipimo, na baadhi ya wagonjwa wakakimbia. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya siku nne. Mtu mwenye homa katika wiki hiyo, akiulizwa kama anataka kupelekwa huko, alikuwa na sababu za kungoja kesho. Na homa yenyewe haikuja na jina. Novemba 2018 malaria ilikuwa imepamba moto Beni kiasi kwamba dawa na vyandarua viligawiwa nyumba kwa nyumba. Siku ya kwanza mtu anameza vidonge, ya pili anangoja vifanye kazi, ya tatu anabadilisha vidonge, ya nne anachomwa sindano kwenye duka la dawa, na kila hatua katika hizo ni ya mtu mwenye akili timamu. Hata katika nyumba yangu, mimi muuguzi, mama yangu mdogo alimaliza siku nne hivyo hivyo kabla ya kuniambia kwamba anaumwa, kwa sababu hakutaka kunisumbua nikiwa zamu. Ilikuwa nimonia, na alipona.

Siku hizi siulizi tena "tangu lini". Huku kwetu kuna gulio kila wiki, kuna Ijumaa na kuna Jumapili, na kuna siku ambayo umeme ulikatika. Wiki iliyopita aliletwa kwa bodaboda baba mmoja wa makamo, akaniambia homa ilianza juzi. Nikamuuliza kama siku ya gulio aliuza ndizi zake. Akasema alizipeleka, lakini alirudi nazo nusu kwa sababu miguu ilikuwa haimbebi. Tukahesabu pamoja kwa vidole, yeye na mkewe wakibishana juu ya Jumamosi, tukafika tano. Nilikata "siku 2" niliyokuwa nimekwisha kuiandika, nikaweka tarehe.